Ulizeni na maji, si mafuta peke yake

Mhariri,

Habari za viwanja vikongwe vya mafuta baharini huja na namba moja: mapipa ya mafuta kwa siku. Namba hiyo ikishuka, msomaji huambiwa mafuta yanakwisha. Sisi tulio kwenye kazi ya uzalishaji na utunzaji wa visima tunaomba namba ya pili ichapishwe pembeni yake, yaani kiasi cha maji yanayotoka pamoja na mafuta hayo. Msomaji asiyeipata namba hii hawezi kujua kama uwanja umebakiza miaka miwili au ishirini, wala kama anayeuendesha anaifanya kazi yake sawasawa.

Tuanze na hesabu. Kisima kinachotoa mapipa 10,000 ya vimiminika kwa siku, asilimia 90 ikiwa maji, kinatoa mapipa 1,000 ya mafuta. Maji yakipanda hadi asilimia 95, mafuta yanabaki mapipa 500. Maji yameongezeka kwa pointi tano tu, lakini nusu ya mapato imekwenda. Jukwaa la baharini linalobeba mitambo nalo halikupata nafuu yoyote, kwani mabomba, pampu na vitenganishi, yaani matangi ya kutenga mafuta, maji na gesi, bado vinapokea mapipa 10,000 yale yale. Kwenye asilimia 95, kila pipa la mafuta, yaani lita 159, hupanda na mapipa 19 ya maji. Kwenye asilimia 98, hupanda na mapipa 49. Uwanja hufungwa siku gharama ya kuyainua, kuyatenga na kuyasafisha maji hayo inapozidi thamani ya mafuta yanayoambatana nayo. Siku hiyo, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta ya mwanzo huwa bado yamo mwambani. Kwa wastani wa dunia, kinachotolewa ni kama theluthi moja tu.

Theluthi hiyo haikuandikwa na maumbile. Uwanja wa Ekofisk, upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, uligunduliwa mwaka 1969 na kuanza kuzalisha 1971. Makadirio ya awali yalikuwa kwamba kama asilimia 17 tu ya mafuta yake ndiyo yangepatikana. Mwaka 1987 maji ya bahari yakaanza kudungwa, yaani kusukumwa mwambani kwa pampu, kwa kiwango kikubwa, na makadirio ya sasa yako karibu na nusu. Forties, upande wa Uingereza, ulianza kuzalisha 1975. Ulipouzwa mwaka 2003 wengi waliuhesabu kuwa umefika mwisho, lakini mnunuzi alipiga picha mpya za miamba kwa mawimbi ya mitetemo, akachoronga visima katikati ya vile vya zamani, na uzalishaji ukapanda tena. Miamba ilikuwa ile ile.

Kwa nini maji yadungwe, kama maji ndiyo tatizo? Mafuta hayatoki mwambani bila kusukumwa. Yakiwa chini hubeba gesi iliyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo pipa moja linalofika juu huwa limeacha chini nafasi ya pipa 1.2 hadi 1.5. Nafasi hiyo, pamoja na ile iliyoachwa na maji yaliyotolewa, isipojazwa, shinikizo hushuka mpaka gesi ianze kujitenga humo humo mwambani. Gesi hutangulia kukimbilia kisimani kwa kuwa ni nyepesi, nayo mafuta yaliyopoteza gesi yake hubaki nyuma, mazito na ya uvivu. Kosa la miaka miwili ya kudunga pungufu huweza kugharimu mafuta ambayo hakuna pampu itakayoyarudisha. Kwa hiyo, mwendeshaji anaposema ameahirisha matengenezo ya pampu za kudungia ili kubana matumizi, hiyo ni habari ya ukurasa wa kwanza.

Maji ya bahari hayadungwi yalivyo. Hutiwa klorini kuua viumbe, yakachujwa hadi zibaki chembe za mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha yakapitishwa kwenye mnara wa ombwe unaonyonya oksijeni, na mwishowe yakatiwa dawa ya kumaliza oksijeni iliyosalia. Lengo la kawaida ni oksijeni isiyozidi sehemu 20 kwa bilioni, ilhali maji ya juu ya bahari huwa na sehemu 6 hadi 10 kwa milioni. Mnara ukizembea hata kwa saa chache kila wiki, mabomba ya chuma ya visima vya kudungia huliwa na kutu, na kutu hiyo husombwa hadi chini ikaziba matundu ya mwamba. Tunapoona kisima cha kudungia kinahitaji shinikizo kubwa zaidi mwezi hadi mwezi ili kupokea maji yale yale, tunakagua kwanza vichujio na kipimo cha oksijeni kabla ya kuulaumu mwamba. Jambo jingine husahaulika: baadhi ya dawa za kuua bakteria huharibiana na dawa ya kumaliza oksijeni. Zikitiwa kwa pamoja, zote mbili hazifanyi kazi, ingawa matangi yanaonyesha dawa imetumika.

Gharama kubwa huja maji yaliyodungwa yanapofika upande wa pili. Maji ya bahari yana salfeti, kama miligramu 2,700 kwa lita. Maji ya asili ya mwambani katika viwanja vingi yana bariamu. Yakikutana, mara nyingi karibu kabisa na kisima cha uzalishaji, huganda na kuwa gome gumu la salfeti ya bariamu. Gome la kaboneti ya kalsiamu huyeyushwa kwa asidi ya kawaida. Hili la bariamu halitikisiki kwa asidi hiyo. Likishaziba bomba, lazima lisagwe kwa chombo maalumu au lilowekwe kwa dawa za bei kubwa zinazolikwangua polepole. Ndani yake huweza kunaswa radiamu ya asili, metali yenye mionzi, kwa hiyo kila bomba linalotolewa hupimwa mionzi kabla ya fundi kulishika au kulikata. Kuruka kipimo hiki kwa kisingizio cha haraka ni kumwachia fundi vumbi la mionzi avute kifuani.

Kinga yake inajulikana. Ya kwanza ni kuyapitisha maji kwenye utando unaozuia salfeti kabla ya kuyadunga, yabaki na makumi machache ya miligramu kwa lita. Mitambo hiyo ni mizito, na jukwaa la zamani halina nafasi wala uwezo wa kuubeba uzito wake kirahisi. Inafaa ipangwe tangu mwanzo. Ya pili ni kuusukumia mwamba dawa ya kuzuia gome kupitia kisima cha uzalishaji chenyewe. Hutangulizwa maji ya kusafisha njia, ikafuata dawa, kisha maji mengi ya kuisogeza dawa mbali na kisima. Kisima hufungwa kwa kama saa 12 hadi 24 dawa ijishike kwenye mwamba, ndipo kifunguliwe. Baada ya hapo dawa hurudi kidogo kidogo na maji, na kila sampuli hupimwa. Ikishuka chini ya kiwango cha chini kinachozuia gome, ambacho kwa kawaida ni miligramu chache kwa lita, kazi hurudiwa. Kisima kimoja hukaa miezi mitatu, kingine mwaka mzima. Mambo mawili huharibu kazi hii mara kwa mara. La kwanza, dawa huingia yote kwenye tabaka linalopokea kirahisi na kuliacha lile linalotoa maji yenye bariamu. La pili, kisima dhaifu hushindwa kuamka baada ya kujazwa maji, kwa sababu uzito wa maji hayo umezidi shinikizo la mwamba.

Salfeti hiyo hiyo ni chakula cha bakteria wanaotengeneza haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Uwanja ulioanza bila gesi hii huweza kuanza kuitoa miaka kadhaa baada ya maji ya bahari kuingia. Harufu yake ya yai viza si kinga, kwa kuwa kiwango kikipanda pua hupoteza uwezo wa kuinusa. Chuma ambacho hakikuchaguliwa kwa ajili ya gesi hiyo hupasuka bila kukonda kwanza, kwa hiyo kipimo cha unene wa bomba hakitatoa onyo. Baadhi ya viwanja hutia naitreti kwenye maji ya kudungia ili bakteria wa aina nyingine wawazidi nguvu wale wabaya. Hufanya kazi pale inapotiwa bila kukatizwa. Ikitiwa leo na kusimamishwa kesho, ni fedha iliyopotea.

Si maji yote yanayotoka yaliyosukuma mafuta. Pakiwa na tabaka lenye matundu makubwa au ufa kati ya kisima cha kudungia na cha uzalishaji, maji hupita humo moja kwa moja na kurudi juu, na fedha inatumika kuyazungusha tu. Dalili yake ni maji kupanda ghafla ilhali visima jirani havijabadilika. Kabla ya kutoa amri yoyote, teremsha vipimo kisimani ujue kila tabaka linatoa nini, na utie viashiria vya kikemia kwenye maji ya kudungia ujue yanatokea wapi na baada ya siku ngapi. Maji yakitoka tabaka la chini kabisa, kizibo na saruji kidogo juu yake huyamaliza kwa kazi ya siku chache ya vifaa vinavyoteremshwa kwa waya. Yakitoka katikati, huhitajika bomba la ndani la kufunika matundu ya kisima, au jeli ya kuziba. Tumeona mipango ya kuongeza pampu za maji pale ambapo kizibo kimoja kingetosha, na sababu ilikuwa kwamba hakuna aliyelipia vipimo.

Maji pia ni mazito. Katika kisima chenye kina cha mita 2,500, safu ya maji ya chumvi huikandamiza sakafu ya kisima kwa shinikizo linalozidi kwa bar 50 na zaidi (bar moja ni karibu shinikizo la hewa tunayoishi ndani yake) lile la safu ya mafuta mepesi. Kisima kilichokuwa kikitiririka chenyewe kinaweza kusimama kwa sababu hiyo tu, ilhali mwamba bado una nguvu. Hapo huingizwa gesi kupitia nafasi iliyo kati ya bomba la uzalishaji na bomba la kinga, lile la nje linaloshikilia kuta za kisima, ikaingia ndani kupitia vali zilizopangwa kwa kina mbalimbali na kuipunguzia safu uzito. Gesi ikiwa ndogo kisima hutapika kwa vipindi na kuvuruga vitenganishi. Ikizidi, msuguano bombani hula faida yote. Gesi ikiwa haba, igawiwe kwa kuangalia kisima kipi kinatoa mafuta mengi zaidi kwa nyongeza ile ile. Kugawa sawa kwa sawa ni upotevu, na ndiko kunakofanyika pale ambapo visima havipimwi kimoja kimoja angalau mara moja kwa mwezi. Pampu za umeme za kisimani huvuta zaidi, lakini zikiharibika hutolewa na mtambo wa uchorongaji au vifaa vya mfano huo, na foleni ya mtambo huo baharini huweza kuwa ndefu kuliko uhai wa pampu.

Juu ya jukwaa mambo hukwama kwenye vitenganishi. Kitenganishi kilichojengwa miaka ya 1970 kwa mafuta mengi na maji machache leo kinapokea kinyume chake. Muda wa vimiminika kutulia ndani, uliopangwa kwa dakika chache, hupungua kila maji yanapoongezeka. Tone la mafuta hupanda ndani ya maji kwa kasi inayofuata mraba wa kipenyo chake: tone likikatwa nusu ya kipenyo, kasi yake inabaki robo. Ndiyo maana vali iliyobanwa sana au pampu ya kasi kubwa kabla ya kitenganishi, kwa kuyakata matone, huharibu kazi ambayo dawa haiwezi kuirekebisha. Wengine huongeza dawa ya kutenga mafuta na maji wiki baada ya wiki, wakati tatizo ni dawa ya kuzuia kutu inayoyashikanisha. Mchanga nao huchukua nafasi chini ya tangi; mita moja ya mchanga ni mita moja isiyotenga kitu. Baada ya hapo maji hupita kwenye haidrosaikloni, mirija myembamba inayoyazungusha hadi mafuta yakae katikati na kutolewa, kisha kwenye tangi la viputo vya gesi. Katika nchi za mkataba wa OSPAR, unaolinda bahari ya Atlantiki ya kaskazini mashariki, maji yanayomwagwa baharini hayatakiwi kuwa na mafuta zaidi ya miligramu 30 kwa lita kwa wastani wa mwezi. Sheria za Marekani zinaweka wastani wa mwezi kuwa miligramu 29, na kilele cha siku moja kuwa miligramu 42. Wastani wa mwezi huweza kuficha siku mbaya, kwa hiyo mwandishi aombe takwimu za siku pia.

Mchanga unaotoka na maji hauishii kwenye tangi. Mwendo wa vimiminika ukiongezeka mara mbili, ulaji wa chuma kwenye kona za mabomba huongezeka kama mara sita. Kisima kilichofunguliwa zaidi ili kufikia lengo la mwezi kinaweza kutoboa kona yake mwezi huo huo.

Uzee una upande mwingine, nao ni mitambo kuwa mikubwa kuliko kazi iliyobaki. Kompresa, yaani mashine ya kukandamiza gesi, iliyojengwa kwa gesi nyingi hulazimika kuizungusha gesi ile ile ndani yake isije ikayumba, ikichoma nishati bure. Mapanga yake ya ndani yafaa yabadilishwe yalingane na kiasi cha sasa. Bomba la kupeleka mafuta nchi kavu lililopungukiwa mwendo hupoa, nta hugandia ukutani, na maji hutuama chini yake na kulila kwa mstari mrefu. Linahitaji kupitishiwa kisafishio, chombo kinachosukumwa ndani yake kulikwangua, mara nyingi zaidi kuliko lilipokuwa jipya, lakini bajeti ya kisafishio ndiyo hukatwa mapema. Gesi ya kuendeshea mitambo ya umeme nayo hupungua, na jukwaa lililokuwa likijitosheleza likaanza kuletewa dizeli kwa meli.

Kuahirisha matengenezo huonekana katika takwimu. Tathmini ya Sir Ian Wood, mfanyabiashara wa sekta ya mafuta, kuhusu sekta ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 2014, ilieleza kuwa mwaka 2012 viwanja vya nchi hiyo vilizalisha kama asilimia 60 tu ya vilichoweza kuzalisha kama mitambo ingefanya kazi ipasavyo. Asilimia arobaini iliyobaki haikukosekana mwambani. Na matengenezo yenyewe yakifanywa bila nidhamu huua. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha, upande wa Uingereza wa Bahari ya Kaskazini, pampu iliyokuwa imeondolewa vali yake ya usalama iliwashwa kwa sababu taarifa ya kibali cha kazi haikufika kwa zamu iliyoingia. Watu 167 walikufa. Kadiri jukwaa linavyozeeka ndivyo vibali vya kazi vinavyoongezeka kwa siku, na ndivyo kukabidhiana zamu kunavyohitaji muda wake kamili, maandishi, na kwenda kukitazama kifaa chenyewe.

Hata sakafu ya bahari huzeeka. Huko Ekofisk, mwamba wa chokaa ulipopoteza shinikizo ulijikandamiza, sakafu ikazama, na mwaka 1987 majukwaa yakalazimika kuinuliwa kwa mita sita. Visima vinavyopita kwenye tabaka zinazosogea hupinda na kukatika.

Jambo la mwisho tunalotaka liulizwe ni fedha za kufunga. Kuziba visima huchukua karibu nusu ya gharama ya kuondoa uwanja katika Bahari ya Kaskazini. Kila kisima hutakiwa kuwekewa vizuizi viwili vya kudumu, vyenye makumi ya mita ya saruji nzuri, mbele ya mwamba usiopitisha kitu, na saruji iliyo nyuma ya bomba la kinga lazima ithibitishwe kwa kipimo. Isipokuwapo, bomba husagwa au kutobolewa na saruji mpya kusukumwa, na kazi ya wiki moja huwa ya mwezi. Rekodi za saruji za miaka 40 iliyopita zikipotea, anayelipa ni wa mwisho kushika leseni, na akifilisika, hulipa walipa kodi. Baada ya visima, kinabaki chuma: sehemu ya juu ya jukwaa la Brent Delta, iliyonyanyuliwa kwa mkupuo mmoja mwaka 2017, ilikuwa na uzito wa tani takriban 24,000. Dhamana ya gharama hizo iwekwe wakati uwanja bado una mapato, kwa sababu kwenye asilimia 97 ya maji hakuna benki itakayoitoa kwa masharti ya maana. Viwanja vikongwe huuzwa na kampuni kubwa kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo mara nyingi huviendesha vizuri zaidi. Uuzaji wenyewe si dhambi. Ila ukiandikwa bila kutajwa nani anabaki na deni la kufunga, msomaji ameachwa gizani.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu atakapozungumza na mwendeshaji wa uwanja mkongwe, amwombe asilimia ya maji na ilivyokuwa miaka mitano iliyopita. Kiasi cha maji kinachodungwa kikilinganishwa na nafasi iliyoachwa. Sehemu ya mwaka ambayo mitambo ilisimama na sababu zake. Idadi ya visima vilivyofungwa kwa hitilafu na mpango wa kila kimoja. Mafuta kwenye maji yanayomwagwa, kwa siku. Na kiasi cha dhamana ya kufunga pamoja na mahali ilipowekwa. Mhandisi wa zamu anazo namba hizi karibu zote kwenye ripoti yake ya asubuhi. Norway na Uingereza huchapisha uzalishaji wa kila uwanja kwa mwezi, maji yakiwemo, na yeyote anaweza kuzisoma takwimu hizo bila malipo. Mwendeshaji wa nchi nyingine yoyote akisema haziwezi kutolewa, aandikwe kwamba alikataa.

Ni sisi,
Wahandisi wa uzalishaji na utunzaji wa visima vya baharini